Maswali ya Wasomaji: Je, Nyutro Ihesabiwe?

Miongoni mwa barua tulizopokea kuhusu umeme wa majengo, tatu zimetoka mahali palipo mbalimbali sana lakini zinauliza jambo moja: ukubwa wa nyaya zinazoingiza umeme ndani ya jengo, na nafasi ya nyutro, yaani waya unaorudisha mkondo ulioletwa na laivu, katika hesabu ya ukubwa huo. Nimezijibu kwa pamoja kwa sababu jibu la kila moja linasaidia kuelewa nyingine.

Swali kutoka Morogoro

*Ndugu mhariri, shikamoo. Ninamalizia kujenga nyumba yangu, na mita ya LUKU imefungwa karibu na geti, mita 45 kutoka kwenye kabati la breka lililo ndani. Umeme ni wa njia moja. Fundi ameniandikia waya wa milimita 16 (za mraba) kwa laivu na wa milimita 16 kwa nyutro, utakaopita kwenye bomba la plastiki juu ya ukuta wa uzio. Muuza vifaa ameniambia kwamba nyutro ya milimita 6 inatosha, kwa kuwa umeme ukishatumika ndani ya nyumba nyutro hurudi tupu. Tofauti ya bei si ndogo. Nimsikilize nani?*

Marahaba. Msikilize fundi wako, tena umwombe aongeze.

Dhana ya kwamba nyutro hurudi tupu imeenea sana, na nadhani imetokana na bisibisi ya kupimia ambayo taa yake huwaka ukigusa laivu na haiwaki ukigusa nyutro. Bisibisi hiyo inaonyesha volti, haionyeshi mkondo. Nyutro ina volti ndogo sana ikilinganishwa na ardhi kwa sababu imeunganishwa na ardhi kwenye transfoma, lakini mkondo unaopita ndani yake katika umeme wa njia moja ni ule ule uliopita kwenye laivu, bila kupungua hata kidogo. Ufikirie mnyororo wa baiskeli: pingili zinazopita upande wa juu ndizo zinazorudi kwa upande wa chini, na hakuna hata moja iliyobaki kwenye gurudumu, ingawa nguvu ya mwendeshaji imekwisha kulifikia. Nyumba yako inatumia nguvu, haili mkondo.

Sasa tuupime huo mkondo. Vifaa ulivyoorodhesha ni jiko la kilowati 6, hita ya maji ya kuogea ya kilowati 3, viyoyozi viwili vyenye jumla ya kilowati 2.4, pampu ya maji ya wati 750, pasi ya kilowati 2, birika la kilowati 2, friji na televisheni wati 600, na taa wati 250. Jumla ni kilowati 17, na ukigawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 74. Lakini hakuna nyumba inayowasha kila kitu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mafundi hukubaliwa kupunguza. Kwa desturi ya Kiingereza, ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo, jiko huhesabiwa ampea 10 za kwanza kamili na asilimia 30 ya zilizobaki, na kwa hiyo ampea 26 za jiko lako zinakuwa karibu 15. Hita huhesabiwa yote, ampea 13. Viyoyozi nimevipa ampea 12 na pampu 4.5, kwa kuwa mota huvuta zaidi ya wati zilizoandikwa. Kwenye soketi nimeichukua pasi yote na asilimia 40 ya vingine, nikapata ampea 13, na taa, nazo zikipunguzwa, hazifiki ampea moja. Jumla inakaribia ampea 58, na breka kuu inayofaa ni ya ampea 63.

Jambo la pili ni joto. Majedwali ya BS 7671, yaani kanuni za umeme za Uingereza, ambayo kwa sehemu kubwa yanalingana na yale ya kimataifa ya IEC, yanasema kwamba nyaya mbili za shaba zenye ganda la PVC, zikiwa ndani ya bomba lililofungwa ukutani, hubeba ampea 57 kwa milimita 10, 76 kwa milimita 16 na 101 kwa milimita 25. Takwimu hizo ni za hewa yenye nyuzi 30. Ukuta unaopigwa na jua la Morogoro hauwezi kuhesabiwa hivyo. Kwa nyuzi 40 tunazidisha kwa 0.87, na milimita 16 inabaki na ampea 66, ambazo bado zinaitosha breka ya 63, ilhali milimita 10 inashuka hadi karibu 50 na haifai. Fundi wako alifika hapa, na mpaka hapa yuko sahihi. Nyutro ya milimita 6, katika mazingira hayo hayo, ina uwezo wa ampea 36 hivi. Ukiipitishia ampea 58, urefu wa mita 45 utazalisha joto la zaidi ya wati 460 ndani ya bomba lililofungwa, na ganda la plastiki litalainika na kukauka miaka mingi kabla ya wakati wake, bila breka kuruka hata mara moja.

Kilichosahaulika ni umbali. Waya wa milimita 16 hupoteza milivolti 2.8 kwa kila ampea katika kila mita, na takwimu hiyo tayari imejumlisha safari ya kwenda na ya kurudi, yaani laivu na nyutro pamoja. Zidisha 2.8 kwa 58 kwa 45 na utapata volti 7.3, zaidi ya asilimia 3 ya volti 230. Kwa kanuni hizo taa zisipoteze zaidi ya asilimia 3, yaani volti 6.9, kuanzia umeme unapoingia hadi kwenye taa yenyewe. Wewe umeshazimaliza kabla hujafika kwenye kabati. Kwa milimita 25, inayopoteza milivolti 1.75, upotevu ni volti 4.6 tu, na unabakiwa na akiba ya nyaya za ndani. Kwa hiyo ninakushauri milimita 25 kwa laivu na milimita 25 kwa nyutro. Kama gharama inakuelemea, muulize fundi kama mita inaweza kusogezwa karibu na nyumba, kwa maana hapo ndipo penye akiba ya kweli. Katika nyutro hakuna akiba yoyote.

Swali kutoka Dodoma

*Mimi ni mwalimu ninayesimamia maabara ya kompyuta ya chuo. Tuna umeme wa njia tatu, na kutoka kabati kuu hadi kabati la maabara kuna nyaya za fezi za milimita 10 na nyutro ya milimita 6. Hivi karibuni tumenusa harufu ya kuungua, na kiungo cha nyutro kimebadilika rangi kuwa kahawia. Fundi alipima kwa klampu mita, akapata ampea 38, 40 na 39 kwenye fezi, na ampea 49 kwenye nyutro. Akasema mita yake imeharibika, kwa sababu fezi zikiwa sawa nyutro haina kitu. Breka ni ya ampea 40 na haijawahi kuruka. Tatizo ni nini?*

Mwalimu, mita ya fundi wako haijaharibika. Ninaomba, kabla ya kuendelea kusoma, uzime kompyuta nusu na uziache zimezimwa mpaka nyaya zibadilishwe, kwa sababu nyutro yenu inabeba mzigo unaozidi sana uwezo wake.

Fundi wako alifundishwa jambo la kweli, ila ni kweli yenye sharti. Fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, zinapishana kwa theluthi ya mzunguko, na zikibeba mikondo iliyo sawa, basi zinapokutana kwenye nyutro hufutana na jumla inakuwa sifuri. Zisipokuwa sawa, kinachobaki ni tofauti yake tu: fezi zenye ampea 40, 30 na 10 huiachia nyutro ampea 26 na nusu hivi, na hata fezi moja ikifanya kazi peke yake kwa ampea 40, nyutro haitazidi 40. Ndiyo sababu majedwali ya njia tatu huhesabu nyaya tatu tu zenye joto ingawa ndani ya bomba kuna nne. Katika hali hiyo nyutro haihesabiwi, na katika majengo ya hita, mota na taa za koili hesabu hiyo haikumwangusha mtu.

Sharti ni kwamba mkondo uwe wimbi laini linalolifuata wimbi la volti. Kompyuta hazifanyi hivyo. Kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa kupishana kuwa wa moja kwa moja huvuta mkondo kwa kishindo kifupi pale volti inapofika kileleni, kisha hunyamaza. Taa ndogo za LED, chaja na mashine nyingi za ofisini zina tabia hiyo hiyo. Ukilichambua wimbi la namna hiyo utakuta ndani yake wimbi la kawaida la mizunguko 50 kwa sekunde pamoja na mengine ya kasi zaidi, ambayo mafundi huyaita hamoniki, na lenye madhara kwa nyutro ni la tatu, lenye mizunguko 150. Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Theluthi moja ya mzunguko wa wimbi la kawaida ni sawa na mzunguko mmoja kamili wa hamoniki ya tatu, kwa hiyo hamoniki za tatu za fezi zote hufika kwenye nyutro zikiwa zimesimama pamoja. Hazifutani, hujumlishana. Fezi ikiwa na ampea 39 na asilimia 42 yake ni hamoniki ya tatu, basi kila fezi inaipelekea nyutro ampea 16 na zaidi kidogo, na mara tatu yake ni ampea 49 zile zile alizozisoma fundi wako. Mzigo ukiwa wote wa aina hiyo, nyutro inaweza kufikia mara 1.73 ya mkondo wa fezi.

Hapo utaelewa pia kwa nini kuzisawazisha fezi hakutakusaidia. Fezi zenu tayari ziko sawa kuliko za majengo mengi niliyowahi kuyakagua.

Na breka haikuruka kwa sababu haikuwa na haki ya kuruka. Inaangalia fezi peke yake, na hakuna fezi iliyozidi ampea 40. Nyutro haina mlinzi, na huo ndio ubaya wa kuipunguza: waya pekee usiolindwa ndio uliofanywa mwembamba kuliko wote. Milimita 6 katika kundi la nyaya tatu zenye mkondo ndani ya bomba hubeba ampea 36 kwa nyuzi 30, na kwa nyuzi 40 hubeba 31. Yenu inabeba 49.

Kanuni za kimataifa zina njia ya kulihesabu jambo hili kwa kebo za viini vinne au vitano, ambazo nyutro yake ni sawa na fezi. Hamoniki ya tatu isipozidi asilimia 15 ya mkondo wa fezi, nyutro inaachwa na hesabu inakwenda kama zamani. Kati ya 15 na 33, ukubwa unachaguliwa kwa mkondo wa fezi, lakini uwezo wa kebo unazidishwa kwa 0.86, kwa maana sasa kuna kiini cha nne kinachotoa joto. Ikizidi 33 mambo yanapinduka, na ukubwa unachaguliwa kwa mkondo wa nyutro. Hadi 45 uwezo bado unazidishwa kwa 0.86, na zaidi ya hapo haupunguzwi tena, kwa sababu nyutro imekuwa ndiyo yenye mzigo mkubwa na fezi zina nafasi ya kupoa.

Ninyi mko katika daraja la 33 hadi 45. Chukueni ampea 49 za nyutro, mgawanye kwa 0.86, na mtapata 57. Kebo ya viini vinne ya shaba yenye PVC, ikifungwa moja kwa moja ukutani, hubeba ampea 57 kwa milimita 10 na 76 kwa milimita 16 katika nyuzi 30. Kwa nyuzi 40 zinakuwa karibu 50 na 66. Jibu ni milimita 16 kwa viini vyote vinne. Mkinunua kompyuta mpya zenye kifaa cha kurekebisha mkondo, hamoniki itapungua, lakini msiipunguze kebo kwa kutegemea ununuzi wa kesho. Mwambieni fundi ahakikishe pia kwamba klampu mita yake inapima thamani halisi ya wimbi lolote, kwa kuwa mita za bei ya chini huchukulia kila wimbi kuwa laini, na kwa mkondo wa kompyuta huonyesha pungufu.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kiungo kilichobadilika rangi ni kiungo kinachoelekea kukatika, na nyutro ya njia tatu ikikatika vifaa havizimiki kwa amani. Vifaa vya fezi moja na vya fezi nyingine vinajikuta vimeungana mfululizo kati ya volti 400. Tuseme fezi ya kwanza ina mzigo wa wati 1,150, ambao ukinzani wake ni omu 46, na ya pili ina wati 4,600, wenye omu 11.5, huku ya tatu ikiwa imezimwa. Mzigo mkubwa utabaki na volti 80, na ule mdogo utapewa volti 320. Kompyuta chache zilizowashwa peke yake kwenye fezi yake ndizo zitakazoungua kwanza. Kwa hiyo kiungo hicho kisikazwe tu na kuachwa. Kikatwe na kufungwa upya na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka kuu. Aangalie na rangi. Katika nyaya za mtindo wa zamani wa Kiingereza nyeusi ni nyutro na bluu ni fezi, na katika mtindo wa sasa bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi, na nimeona makabati yenye mitindo yote miwili ndani yake.

Swali kutoka Columbus, Ohio

*Nimetoka Goma na sasa najifunza kazi ya umeme hapa Marekani. Tukiwa kwenye nyumba ya familia moja, mwalimu wetu alisema nyutro haihesabiwi. Baadaye, kwenye jengo la ghorofa, akasema ihesabiwe, na nyaya za kila nyumba zilikuwa tatu vile vile. Tena nyumba ya ampea 200 iliwekewa waya ambao katika jedwali ni wa ampea 175. Ninaona kama anajipinga.*

Hajipingi, ndugu yangu, na ukiisoma barua ya Dodoma hapo juu utakuwa umeshaikaribia sababu.

Nyumba ya familia moja huko hupata volti 120/240 kutoka kwenye transfoma ambayo nyutro yake imetolewa katikati ya koili. Nyaya mbili za moto zinavuta kwa pande zilizo kinyume kabisa, na nyutro hubeba tofauti tu: mmoja ukiwa na ampea 70 na mwingine 50, nyutro ina 20. Kila ampea inayopita kwenye nyutro ni ampea iliyokosekana kwenye mmoja wa nyaya za moto, kwa hiyo haiongezi joto ndani ya bomba kupita ile hali ya nyaya mbili zilizojaa. Ndiyo maana NEC, kanuni ya umeme ya Marekani, inairuhusu isihesabiwe.

Jengo la ghorofa mara nyingi hulishwa kwa njia tatu za volti 208/120, na kila nyumba hupewa fezi mbili na nyutro. Fezi hizo hazikai kinyume, zinapishana kwa theluthi ya mzunguko, na kwa hiyo ampea 50 na ampea 50 huiachia nyutro ampea 50. Nyaya ni tatu na zote zina joto kamili, na nyutro huhesabiwa. Huhesabiwa pia katika mfumo wa nyaya nne pale ambapo sehemu kubwa ya mzigo ni kama wa kompyuta za Dodoma. Tofauti hiyo huonekana bomba moja linapobeba mistari mitatu ya namna hiyo: nyutro zisipohesabiwa nyaya ni sita na uwezo wake ni asilimia 80, zikihesabiwa ni tisa na uwezo ni asilimia 70.

Kuhusu ampea 200, kanuni hiyo huruhusu nyaya zinazobeba mzigo wote wa makazi ziwe na asilimia 83 ya kipimo cha breka kuu, kwa hoja kwamba mzigo wa nyumba hupanda na kushuka. Asilimia 83 ya 200 ni ampea 166, nayo shaba ya 2/0 (kwa vipimo vya nyaya vya Marekani) yenye ampea 175 inazitosha, au alumini ya 4/0 yenye 180. Ruhusa hiyo isitumike kwa waya unaobeba sehemu tu ya mzigo wa nyumba.

Usichanganye, hata hivyo, kutohesabiwa na kutopimwa. Nyutro ya nyumba ya familia moja haihesabiwi katika joto la bomba, lakini ukubwa wake bado unatakiwa utoshe tofauti kubwa kabisa inayoweza kutokea kati ya nyaya mbili za moto, na kwa nyaya za moto za shaba 2/0 isiwe chini ya shaba namba 4, hata kama hesabu ya tofauti imetoa kidogo, kwa kuwa waya wa moto ukigusa bati la kabati, mkondo wa hitilafu hurudi kwenye transfoma kwa kupitia nyutro hiyo hiyo.